Binti Tadeo na Mahudhurio ya Ijumaa

Benedikta Tadeo alibisha mlango wangu siku ya thelathini na nane ya eda yangu, Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, akiwa amekumbatia faili la kijani lililofungwa kwa kamba ya mkonge. Namwandika hapa kwa sababu mengi yamesemwa juu yake Ngamiani na Chumbageni, na baadhi ya hayo niliyaamini mimi mwenyewe, mwalimu niliyewafundisha wasichana miaka ishirini na saba kwamba jambo lisilo na ushahidi halisemwi.

Wifi yangu Thuwaiba, dada wa marehemu mume wangu, ndiye aliyefungua. Alirudi chumbani, akafunga mlango nyuma yake, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yule mwanamke wa duka la chapa amekuja.

"Yupi?" nikamuuliza, ingawa nilimjua.

"Yule wa Alhamisi."

Kwa miaka miwili mume wangu Hafidh alikuwa akivaa kanzu safi kila Alhamisi baada ya alasiri, anachukua bahasha, anakwenda kwenye duka moja la chapa na kompyuta karibu na soko, na kurudi magharibi akiwa amechangamka kama kijana. Watu walimwona amekaa bega kwa bega na mwanamke Mkristo wa miaka arobaini na tatu, asiye na mume, wakitazama kioo cha kompyuta na kucheka. Waliniletea habari hizo wakijidai wamekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Sikumuuliza Hafidh. Mara kwa mara aliniletea barua za Kiingereza nimfasirie, zote za injini za zamani, nami nilizifasiri nikiziona kuwa visingizio. Na kwenye fungu lake la funguo palikuwa na mmoja mdogo wa shaba ambao haukuingia kwenye kufuli lolote la nyumba yetu. Huo pia sikuuliza.

Kwa hiyo alipoingia, nilikwisha kujua amekuja kudai nini. Akifa mwanamume, hutokea mtu na cheti cha ndoa mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nilikawia kuitikia. "Marahaba. Kama una cheti kiweke mezani, nitakisoma."

Alinitazama, akaelewa, na uso wake haukubadilika. "Sina cheti, Mwalimu. Nina barua. Mzee ana watu mia moja na kumi na wanne wanaomngoja, na hata mmoja wao hajui kwamba amekufa."

"Mia moja na kumi na wanne," akasema Thuwaiba. "Hata mazikoni hatukufika idadi hiyo."

Nilimwambia kwamba kifo kilitangazwa redioni mara tatu.

"Mlimtangaza Hafidh bin Seif wa Ngamiani. Wao hawamjui huyo. Wanamjua Mzee Gavana. Ndilo jina alilotumia."

Gavana ni kile kidude kinachoizuia injini isikimbie kupita kiasi. Nilikuwa sijalisikia jina hilo hata siku moja.

"Na wewe ulikuwepo mazikoni," nikasema. "Thuwaiba alikuona umesimama nyuma ya wanawake. Kwa nini hukuwaambia?"

"Mimi ni nani, Mwalimu, niwatangazie watu kifo cha mume wa mtu? Nilingoja watu wake waseme."

Basi siku thelathini na nane yeye alinisubiri mimi, na mimi niliitegemea redio. Kila mmoja aliona anafuata adabu.

Akafungua faili, akanipa karatasi moja. Iliandikwa na mtu wa Wete, Pemba, jina lake Massoud, ambaye kwao waliwahi kukamua mafuta ya karafuu kwa injini ya mafuta mazito. Niliisoma mara mbili, na leo naweza kuisema bila kuiangalia:

"Kwa wanakikundi wote. Mwezi wa Ramadhani nilimwazima Mzee Gavana kitabu cha injini cha marehemu baba yangu, chenye maandishi ya mkono wake, nikampelekea kwa msafiri mpaka dukani kwake Tanga. Tangu nimuulize habari zake amenyamaza. Ijumaa ya tano hii haitiki, naye ndiye aliyetuwekea sheria ya Ijumaa tatu. Nampa mpaka Ijumaa hii. Asipoitika, nitajua amekula amana yangu. Nitapanda chombo nije Tanga, nisimame mlangoni mwa msikiti watu wakitoka, niulize Gavana ni nani. Na atakayeondoka nami kikundini, aondoke."

Wete na Tanga ni kama pua na mdomo. Nusu ya watu wa mtaa wetu wana ndugu huko. Mazikoni, shemeji yangu Yakoub, mdogo wa Hafidh, alisimama mbele ya jeneza akauliza kama yupo anayemdai marehemu, na hakuna aliyeinua mkono. Sasa mtu huyu alitaka kuuliza swali lile lile mbele ya msikiti, na jibu lake alikuwa nalo mfukoni.

"Waandikie leo hii," nikamwambia Benedikta. "Mzee amekufa, na nyumba hii haili amana."

"Nitaandika, Mwalimu. Halafu wataniuliza kitabu kiko wapi."

Tukisema amekufa bila kuonyesha kitabu, watamwombea rehema kwa mdomo, na moyoni watabaki na yao. Siku zilizobaki zilikuwa tatu.

Nikamwambia akae. Thuwaiba akaleta kahawa, na kwa mara ya kwanza nikamsikiliza.

Alizaliwa kambini, katika shamba la mkonge la Kwamsogo, mbele kidogo ya Muheza. Baba yake, Tadeo, alitoka upande wa Songea kwa mkataba, mmoja wa wale walioitwa manamba, na baada ya miaka michache ya kukata mkonge alihamishiwa kwenye korona, yaani kiwanda cha kusagia majani, akawa mlinzi wa injini. Kambini hapakuwa na saa. Mama yake alijua wakati kwa mlio. Ikipiga sawasawa, anabandika chungu. Ikikohoa, anakitegua, maana mume atachelewa. Watoto wengine walijifunza kuhesabu kwa vijiti. Benedikta alijifunza kwa mapigo.

Masista walimsomesha mpaka darasa la saba na upigaji chapa, akaajiriwa karani ofisi ya shamba. Hapo ikaja miaka ile ambayo kila mtu wa umri wetu anaikumbuka kwa kitu kimoja alichokikosa zaidi. Mimi ni chaki. Yeye ni utepe wa taipureta. Ulipokwisha wa mwisho, alichukua masizi ya kibatari akayakoroga na mafuta ya injini, akaurowesha utepe mkuukuu na kuuanika kwenye uzio. Herufi zilitoka na ukungu wa mafuta pembeni, na meneja alilalamika kwamba barua zake zinanuka gereji. Karatasi alitumia migongo ya fomu za mavuno ya miaka iliyopita.

Hapo ndipo alipomjua mume wangu. Hafidh alikuwa fundi wa kuzunguka mashambani, na vipuri havikuwepo. Alikuwa akimsomea Benedikta barua ya kuomba ringi za pistoni, naye anapiga chapa. Barua thelathini na moja za ringi zile zile, na hakuna iliyojibiwa. Mwishowe Hafidh alichonga ringi kutoka kipande cha bomba la zamani la maji, akaiweka pamoja na Tadeo, injini ikaunguruma miaka mingine sita. Tadeo alikufa kwa pumu mwaka themanini na saba. Benedikta ananiambia mazikoni Hafidh alilia kuliko wajomba zake. Kwetu alirudi siku ile akasema amechoka, akalala.

Kisha mambo yakafunguliwa. Sabuni ilirudi madukani, khanga zikarudi, utepe wa taipureta ukarudi wa kila rangi, na kazi ndiyo ikaondoka. Shamba likauzwa, korona ikasimama, makarani wakapunguzwa. Benedikta alikuja mjini na cheti chake cha chapa, akapata kazi kwenye duka lile, na mwenye duka alipoleta kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu, yeye ndiye aliyejifunza kwanza.

Mwaka tisini na nane Hafidh akaingia dukani na barua ya kuomba kipuri, ya thelathini na mbili. Badala ya kuipiga chapa, Benedikta aliandika jina la injini kwenye kompyuta. Walingoja kama robo saa, picha ikishuka mstari kwa mstari kama pazia, mpaka ikatokea injini ya Kwamsogo, ndugu yake kabisa, imepakwa rangi ya kijani, imesimama kwenye banda la mzee mmoja Uskoti. Hafidh aliitazama muda mrefu.

"Binti Tadeo," akasema, "kumbe wazimu huu nina wenzangu."

Wakaanzisha kikundi cha kuandikiana kwa barua pepe, wakakiita Injini Kongwe. Waliingia wasagaji wa Maramba, fundi wa kiwanda cha barafu Mombasa, dereva aliyehamia Maskati, yule mzee wa Uskoti, mwalimu wa Mwanza, na Lucas, aliyekuwa msaidizi wa Tadeo na sasa mlinzi wa geti Kwamsogo, ambaye alikuwa akituma mstari wake kwa msafiri yeyote ajaye mjini. Mwezi wa kwanza walikuwa watu arobaini. Mwezi wa tatu waliokuwa wakiandika ni wanne, na mmoja wa hao alikuwa akiuza matrekta.

Hafidh alikata tamaa. Benedikta ndiye aliyekumbuka kambini, jinsi nyapara alivyokuwa akiita majina kila asubuhi, na asiyeitika siku tatu hufutwa daftarini. Akamwambia Mzee, tuwaite. Kila Ijumaa kila mtu aandike mstari mmoja: wiki hii nimesikia injini gani, wapi, ililiaje. Asiye na la kueleza atakuwa na la kusikia. Akinyamaza Ijumaa tatu, anafutwa. Hafidh aliwatangazia kama sheria yake, na Benedikta hakuona vibaya; kila Alhamisi Mzee alikuja kumsomea mstari wake wa kesho yake. Lakini mtu akikosa Ijumaa mbili, ni Benedikta aliyemwandikia faraghani kumuuliza hali yake, mke amejifungua, mguu umepona, mashine imeuzwa? Kwa njia hiyo kikundi kilifika watu mia moja na kumi na wanne, na hakuna aliyefutwa ila yule wa matrekta.

"Na hizi Ijumaa tano, nani amewaita?" nikamuuliza.

"Nimewaita mimi, bila kutia jina. Kumwitikia Mzee sikuweza. Siwezi kumwandikia marehemu mkono wake."

Kama angeandika mstari mmoja tu wa uongo, Massoud asingekasirika. Nililipima hilo moyoni, na nikaanza kumheshimu.

Tulitafuta kitabu alasiri yote. Thuwaiba alikung'uta kila kanzu, akapekua sanduku la vyeti, akapanda mpaka juu ya kabati ambako tulipata vyombo vya chai nilivyodhani vimeibwa mwaka tisini. Kitabu hakikuwepo. Benedikta hakutafuta. Alikaa na kikombe chake akifikiri.

"Mzee alikuwa na desturi ya mafundi wa zamani," akasema mwishowe. "Kitabu hakitoki penye injini. Baba naye alikuwa hivyo. Pembeni ya injini pale Kwamsogo kuna sanduku la chuma limefungwa kwa bolti kwenye zege. Kama Mzee alikuwa anakilinganisha na injini yenyewe, amekiacha mle."

Nikachukua fungu la funguo za Hafidh chini ya mto wangu, nikautoa ule mdogo wa shaba, nikamwekea mkononi. Sikujizuia.

"Huu ni wako?"

Aliugeuza, akapitisha kidole kwenye meno ya ufunguo.

"Ni wa kufuli la baba yangu, Mwalimu. Nilidhani alizikwa nao."

Miaka kumi na tatu nilikuwa nimeuangalia ufunguo ule nikiufikiria mlango wa chumba cha mwanamke. Sikumwambia hivyo. Nadhani alijua.

Akatoa karatasi ya pili, mahudhurio ya Ijumaa iliyopita, akanionyesha mstari wa Lucas: "Sikusikia injini. Wakataji wa chuma chakavu wanakuja Alhamisi." Mwenye shamba mpya alikuwa ameiuza injini kwa kilo.

Jioni ile Yakoub alikuja. Kwa kuwa nilikuwa edani, tuliongea yeye akiwa upande wa pili wa pazia, na huenda ilisaidia, maana sikuuona uso wake. Nilimwomba aende Kwamsogo kwa niaba ya familia. Alikataa. Alisema hao ni watu wa kwenye waya, hawana sura, leo wapo kesho hawapo, na mtoto wa Seif hawezi kwenda kuchakura kwenye vyuma chakavu.

"Basi atakwenda Benedikta, na barua yangu," nikasema.

"Shemeji, mji mzima unasema maneno juu ya huyo mwanamke na kaka yangu. Na wewe unataka kumpa barua yenye jina letu?"

"Wanaosema wamesema miaka miwili, na hakuna aliyeleta ushahidi. Ushahidi wa Massoud ni kitabu kisichorudi. Kipi kizito?"

"Utajuta, Mwalimu."

Aliondoka bila kunywa kahawa. Nikaandika barua kwa mkono wangu, kwamba mbebaji, Benedikta binti Tadeo, anaiwakilisha familia ya marehemu Hafidh bin Seif, nikatia sahihi. Neno anaiwakilisha nililikata, nikaliandika upya.

Jumatano aliondoka na gari la kwanza. Siku ile ilikuwa ndefu kuliko zote thelathini na nane zilizotangulia. Nyuma ya nyumba yetu kuna mashine ya kusaga nafaka. Nilikuwa siisikii kwa miaka, kama mtu asivyousikia moyo wake. Siku ile niliisikia tangu saa nne mpaka adhuhuri, nikawa nangoja kila pigo. Thuwaiba aliniambia nipunguze kutembea, nitaimaliza sakafu.

Yaliyotokea Kwamsogo nayasimulia kama alivyonisimulia yeye, na Lucas baadaye alithibitisha.

Wakataji hawakungoja Alhamisi. Alipofika kwenye korona alikuta gurudumu kubwa la injini limelala chini limekatwa vipande viwili, moshi wa gesi umejaa bandani, na lori liko mlangoni. Pale kwenye zege palikuwa na mashimo manne ya bolti. Sanduku lilikuwa limekwisha kupakiwa. Alisimama mbele ya lori. Msimamizi wa wakataji, mtu mnene mwenye miwani ya giza, akashuka.

"Mama, umekuja kuzika injini?"

Akampa barua yangu. Aliisoma, akamrudishia. Akasema barua nzuri, mwandiko mzuri, lakini yeye amenunua kila chuma kilicho ndani ya banda.

"Mimi nimezaliwa hapa," Benedikta akasema. "Lile sanduku lenye kufuli la shaba lilikuwa la baba yangu. Kilichomo si chuma."

"Kila aliyezaliwa hapa ana chuma chake hapa. Jana alikuja mmoja kudai paa."

Wakataji wakacheka. Lucas, aliyekuwa amesimama getini na filimbi yake, akasogea. Alisema jambo ni jepesi: mama ana ufunguo. Ukifungua, kilichomo ni chake. Usipofungua, ataondoka mwenyewe na lori lipite. Msimamizi alipenda hilo, kama mtu anavyopenda mchezo. Wakalivuta sanduku mpaka ukingoni mwa lori.

Ufunguo uliingia, haukuzunguka. Kufuli lilikuwa limejaa vumbi, na joto la gesi lilikuwa limelipitia. Akajaribu tena. Dereva akapiga honi. Benedikta akaomba mafuta, mkataji mmoja akamdondoshea matone mawili kutoka kwenye kopo, na msimamizi akasema mara ya mwisho, mama, tuna safari. Akayafumba macho, akaukumbuka mkono wa baba yake, jinsi alivyokuwa akiubana mwili wa kufuli kutoka chini kwa kidole gumba kabla ya kuzungusha, kila jioni, naye akiwa na miaka saba akisubiri waende nyumbani. Akabana hivyo. Likafunguka.

Ndani palikuwa na spana, matambara, na kitu kilichofungwa kwa nailoni na kamba. Msimamizi alichukua spana, akakipima kile kifurushi mkononi.

"Karatasi hazina uzito. Chukua. Na kufuli lichukue, tusije tukasikia unalilia."

Alifika kwangu saa kumi, nywele zina masizi. Akanikabidhi kitabu kwa mikono miwili. Ndani ya jalada palikuwa na kijikaratasi, mwandiko wa Hafidh, ule wa kuinama kushoto ambao nilimsutia kwa miaka thelathini na nne: "Amana ya Massoud wa Wete. Irudi kwake kabla ya Idi Kubwa." Idi ilikuwa bado siku nane.

Niliuficha uso kwa ushungi. Thuwaiba alikuwa na busara ya kwenda kuangalia sufuria.

Usiku na kesho yake tuliandika tangazo. Yakoub alituma ujumbe kwa Thuwaiba: kama lazima liandikwe, jina la yule mwanamke lisiwemo. Benedikta mwenyewe alisema hivyo hivyo. "Niache nje, Mwalimu. Sema kitabu kimepatikana, inatosha."

Ilikuwa rahisi kumkubalia. Kuandika jina lake mbele ya watu wale, na mbele ya kila ndugu yao aliye Tanga, kulikuwa kukiri kwamba Alhamisi zile zilikuwepo. Nililala nalo. Asubuhi ya Ijumaa nikamsomea, naye akaandika chini ya macho yangu:

"Mliyemwita Mzee Gavana alikuwa Hafidh bin Seif, fundi, wa Ngamiani, Tanga. Amefariki tangu mwisho wa Januari. Tuliwachelewesha habari, na kosa ni letu. Kitabu cha Massoud kipo, salama, na marehemu alikwisha kuandika kirudi kabla ya Idi Kubwa. Amekitoa mikononi mwa wakataji wa chuma Benedikta binti Tadeo, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika kila neno mlilolisoma, na mahudhurio haya ya Ijumaa ni fikra yake. Mume wangu alimwamini. Mimi namwamini. Ataendelea kuwaita. Mimi ni Salme, mjane wake."

Aliacha kuandika kwenye neno fikra. "Mwalimu, hilo halikuwa la lazima."

"Andika."

Jioni akaniletea majibu, karatasi tisa. Wengi waliandika Innalillahi na chini yake injini waliyoisikia wiki ile, maana ilikuwa Ijumaa. Mzee wa Uskoti aliandika kwamba ameiwasha ya kwake saa nzima bila kazi. Watu wanne walikuwa wametangulia kuondoka kwa ajili ya maneno ya Massoud. Watatu walirudi, mmoja hakurudi. Massoud aliandika mstari mmoja, kwamba anakuja.

Alikuja siku mbili kabla ya Idi, mwembamba, amevaa kofia ya viua, akapokewa barazani na Yakoub, ambaye hakuwa amesema nami tangu kabla ya tangazo la Ijumaa. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia kurasa zikigeuzwa moja moja. Alikuwa anazihesabu. Alipomaliza akasema alikosea, alisema vibaya, anaomba radhi za mjane.

"Hukusema," nikamjibu. "Uliandika, mbele ya watu mia moja na kumi na wanne. Waandikie hao hao."

Nikamsikia Yakoub akikohoa, na kikohozi kile nilikijua; ndivyo anavyocheka mbele ya wageni. Massoud aliandika Ijumaa iliyofuata, mistari kumi na miwili, na nakala ninayo. Kitabu hakuondoka nacho. Alimwachia Benedikta akipige chapa na kuwatumia wanakikundi, kurasa mbili kila wiki, mpaka kiishe.

Eda yangu ilimalizika mwezi wa Juni. Nilioga, nikavaa, na wanawake wakaja kunipongeza. Ijumaa ya kwanza, alasiri, watu wakiwa wamejaa barazani, nilipita Ngamiani kwa miguu mpaka duka la chapa, nikakaa kwenye kiti cha mbao alichokuwa akikalia Hafidh. Walioniona waliniona. Kufuli la Tadeo lilikuwa limening'inizwa kwenye kabati la faili la kijani.

Benedikta alikuwa anaita. Akaniuliza, bila kugeuka, kama ninataka kuitika.

"Mashine ya kusaga nyuma ya nyumba yetu," nikasema. "Inaruka pigo moja."

Mikono yake ikasimama juu ya herufi. "La ngapi?"

"La saba."

Akaliandika.